Neno la Mkuu wa Kituo

Ninayo heshima kubwa kuutangazia umma kwamba Kituo cha Simu za Sumu kililimaliza janga la mto bila mtu hata mmoja kuinuka kitini.

Mafuriko yalibeba mapipa ya kiwanda cha dawa ya wadudu, yakapasukia mtoni, kunakotoka maji yetu ya bomba. Asubuhi hiyo simu zetu hazikupumua. Waliopiga wote walikuwa wa mitaa ya chini, na wote walikuwa wanatapika. Nesi wa zamu, mama asiyejua kunyamaza, akaja kuniambia tuwatangazie watu wasinywe maji ya bomba. Nikamkumbusha kwa upole kwamba neno "sumu" hutamkwa na Mkuu wa Kituo peke yake. Ndivyo waraka unavyosema, na waraka niliuandika mimi. Wengine wote husema "kimiminika chenye changamoto". Hata lile "Sumu" la kwenye kibao cha mlangoni limeandikwa kwa ruhusa yangu.

"Basi litamke, Mkuu," akasema. "Watu wanakunywa."

Nikamweleza kuwa haraka haraka haina baraka. Mtaalamu hutazama takwimu, na takwimu zilionyesha tatizo waziwazi: simu zilikuwa nyingi mno. Zikipungua simu, limepungua janga. Nikarekodi ujumbe wa kumpokea kila apigaye kabla hajampata nesi: "Ndugu mwananchi, maji ni salama. Tulia, vuta pumzi, kisha kata simu." Hata mama mkwe wangu, mkazi wa mitaa hiyohiyo, alipokelewa hivyo bila upendeleo. Kufika adhuhuri, kituo kilikuwa kimya. Nilijisikia fahari, nisiseme uongo.

Kamati ya kituo ikakaa kujipongeza. Chai ikaletwa, ikinuka kidogo. Wajumbe wakaitazama tu. Nikasema imechemshwa, wasilete ushamba, nikanywa kikombe changu na cha jirani yangu.

Weee! Muda si muda niko chooni, tumbo limechachamaa, jasho na mate vinashindana. Nikapiga namba yetu. Nikapokewa na mimi mwenyewe. Nikatulia, nikavuta pumzi, nikakata simu. Sauti ile ina mamlaka, jamani. Mara ya pili nikajitukana, nikangoja hadi nesi akapokea.

"Pole, Mkuu. Umekunywa nini?"

"Chai ya maji ya bomba. Nisaidie mama, nakufa."

"Ambulensi inakuja. Lakini si tumeambiwa maji ni salama?"

"Salama wapi! Ni sumu! Msinywe, hata yakichemshwa, ni sumu!"

"Ahsante, Mkuu," akasema. "Hilo ndilo nililokuwa nalingoja."

Simu zetu zote hurekodiwa. Hilo nalo ni agizo langu. Kabla sijafikishwa wodini, redio na vipaza sauti vya mitaa ya chini vilikuwa vinanirusha hewani nikilia. Watu wakamwaga maji, malori ya maji safi yakaja, wagonjwa wakatibiwa, wala hakufa mtu. Mama mkwe alikuja kuniona, yeye mwenyewe akiwa bado na bomba la dripu mkononi. Akaniambia, "Baba, leo ndiyo mara ya kwanza nimekuelewa."

Siku hizi ukipiga kituo chetu bado unapokelewa na sauti yangu, ila ni ile ya chooni. Nimeandika kuomba ibadilishwe. Nesi, ambaye sasa ndiye Mkuu wa Kituo, amenijibu kwamba ombi langu limepokelewa. Nitulie, nivute pumzi.