Kidude Ndani ya Kiberiti

Jumatatu, 2 Agosti 1999

"Kompyuta haiwezi kupokea neno kutoka kompyuta nyingine bila waya. Anayesema inaweza amesoma vitabu vingi kuliko nafasi aliyonayo kichwani."

Ndivyo alivyoandika Abdulhalim, karani wa chama chetu cha wachimbaji wadogo wa almasi hapa Maganzo. Kabandika chini ya makala yangu, kwenye ubao wangu, kwa pini zangu.

Nimemjibu kwa hoja tatu. Kwanza, redio yake haina waya kutoka Dar es Salaam, na kila jioni anaisikiliza huku amefumba macho. Pili, hakuna kichwa kilichowahi kujaa vitabu. Vichwa hujaa majungu. Ya tatu nimeisahau, lakini ilikuwa kali kuliko zote.

Ubao uko kwenye ukuta wa duka la Irfan, upande wa barabara kuu. Miaka kumi na moja naandika hapo kila Jumatatu, tangu nilipoacha kufundisha. Wachimbaji wakitoka mashimoni hupitia kusoma wiki hii nimemshukia nani. Bila ubao huo mimi, Hatibu, ni mzee mwenye miwani tu. Abdulhalim anautaka kwa matangazo ya mikutano na matokeo ya mpira. Mpira!

Tumewekeana sharti mbele ya Irfan. Jumapili, siku ya Nane Nane, Abdulhalim ataketi dukani na kuandika sentensi moja kwenye kompyuta ya Irfan. Sentensi hiyo hiyo ataiandika kwenye karatasi, ndani ya bahasha, ashike Irfan. Mimi nitakuwa ng'ambo ya barabara, barazani kwangu, na kompyuta yangu ya kiganjani. Nikiisoma kwa sauti, ubao ni wangu hadi nife. Nisipoisoma, ni wake.

Vifaa ninavyo. Mjiolojia mmoja wa kule Rwamgasa, niliyemfundisha Kiswahili miezi mitatu, aliponiaga aliniachia kompyuta yenye ukubwa wa kaseti ya video. Akaongeza vidude viwili vya USB vya kuongea hewani, sampuli ambazo hata madukani hazijafika. Kompyuta inaendeshwa na Linux, mfumo usio na tajiri: kila mtu anaruhusiwa kuufungua, kuurekebisha na kumgawia jirani. Ni ujamaa uliofanikiwa. Nimeshauandikia makala mbili. Kuutumia bado sijaweza vizuri, ila hilo ni jambo dogo.

Jumanne, 3 Agosti

Gulnaz, binti wa Irfan, alisomea kompyuta Mwanza. Kachomeka kidude kimoja kwenye kompyuta ya duka, katia disketi, taa ya kijani ikawaka. Dakika nne. Cha pili nimekichomeka kwenye yangu. Hakuna taa. Nimekichomoa, nimekifuta, nimekirudisha. Nimekihutubia. Hakuna taa.

Gulnaz anasema Linux inaona kwamba kuna kitu kimechomekwa ila haikitambui, kama mgeni aliyepiga hodi asitaje jina. Inataka programu ya kukiendesha. Ili kuipata lazima tujue namba ya kidude, na namba imeandikwa tumboni mwake kwa herufi ndogo kuliko mayai ya chawa. Nikamweleza kwamba hilo si kosa la Linux, ni kosa la mabepari wanaotengeneza vidude. Akasema, "Sawa, mwalimu, ila namba bado tunaitaka."

Miwani haikutosha. Nikaenda kwa Bujiku, dalali wa almasi, kumwazima lensi yake. Akaacha kutafuna muwa. Ya kazi gani, mwalimu? Nikasema ni siri yangu hadi Nane Nane, maana Abdulhalim ana masikio kila kibanda.

Nikafunga mlango. Nikakitoa kidude kwenye kiberiti, ninamokiweka kwa kukizungushia pamba kwa ajili ya vumbi. Nikasogea dirishani penye mwanga, nikakigeuza taratibu chini ya lensi. Namba nimeipata.

Niliporudisha lensi, Bujiku aliipokea kwa mikono miwili na kunipa shikamoo. Tumezaliwa mwaka mmoja. Nimeitikia marahaba, kwa nini nisiitikie.

Jumatano, 4 Agosti

Asubuhi nimekuta jogoo kafungwa mlangoni kwangu. Hajulikani wa nani.

Saa nne madalali watatu walikuja kukaa barazani. Nimewaeleza kwa nini mfumo usio na mwenyewe utawashinda matajiri wote. Nusu saa nzima, na hakuna aliyesinzia. Mmoja akauliza kwa heshima kama nimeshaamua nitamwonyesha nani kwanza. Nikasema nitawaonyesha wote pamoja, Jumapili, hadharani. Wakatazamana. Maganzo imeanza kuamka.

Gulnaz kaenda Shinyanga mjini kupeleka namba yetu kwa barua pepe, kwa watu wa Linux walioko duniani.

Alasiri Mwamvua, mke wangu, kanikalisha kitako. "Baba Chiku, mji mzima unasema umeokota jiwe."

Jiwe gani?

Akanihesabia kwa vidole. Kiberiti. Pamba. Lensi ya Bujiku. Mlango uliofungwa mchana. Mtu dirishani anageuza kitu. "Hapa Maganzo mtu akifanya hayo matano, anatafuta mnunuzi au anatafuta pa kukimbilia."

Nikacheka. Kisha nikamtazama yule jogoo, nikaacha kucheka. Kumbe hakuwa wa makala zangu.

Mwamvua anataka nikawaambie ukweli kabla ugali haujapoa. Nimemwambia kesho.

Alhamisi, 5 Agosti

Sikwenda. Sababu ninazo.

Jibu limekuja, Gulnaz karudi nalo. Mtu nisiyemjua, wa nchi nisiyoijua, katutumia programu bure, hata hakuuliza mimi ni nani. Machozi yalinilenga. Ila imekuja mbichi, maandishi matupu ambayo bado hayawezi kuendesha kitu. Lazima ipikwe ndani ya kompyuta yangu yenyewe saa tisa mfululizo. Betri yangu inadumu saa moja. Umeme wa mgawo tunaupata kwa saa tatu tu kwa siku.

Na kuna la kwanza kabla ya hilo. Programu imo kwenye disketi, na kompyuta yangu haina tundu la disketi. Njia pekee ni kuiunganisha na ile ya duka kwa waya. Yaani ili nithibitishe kwamba waya hauhitajiki, nimehitaji waya. Tukiwa katikati ya kazi, Abdulhalim akaingia kununua sabuni. Nimeulalia waya kwa kiwiko robo saa nzima, tunazungumzia ukame. Alikitazama kidude kwenye kompyuta ya duka, akauliza kama changu kinafanana na hicho. Nikamwambia ni mapacha, hata mama yao hawezi kuwatofautisha. Akatikisa kichwa pole pole, akatoka na sabuni yake. Nadhani nimemtisha.

Sasa jenereta. Mwenye jenereta ni Bujiku. Nikaenda.

Nieleweke: sikumwambia nina jiwe. Nilimwambia nahitaji jenereta yake kutwa nzima kwa kazi ambayo siwezi kuieleza, nikagusa mfuko wa shati, ule wenye kiberiti. Mfuko uliniwasha. Jenereta ilifika kwangu kwa mkokoteni, mimi mwenyewe nikiwa bado njiani.

Mpango ni safi. Ukweli utasubiri hadi Jumapili, siku ambayo utakuwa na faida.

Ijumaa, 6 Agosti

Tumeanza saa moja asubuhi. Saa tatu kompyuta ikakataa. Gulnaz kabadilisha mstari mmoja, tukaanza upya. Nimemwambia hivi ndivyo wananchi wanavyomiliki mfumo wao. Kaniomba nisiguse meza.

Bujiku kakaa kutwa kwenye kigoda kando ya jenereta, anawafukuza watoto na mbuzi. Kila saa ananiuliza hali. Nikisema inaendelea vizuri, anashukuru kwa Kisukuma, "wabeja, wabeja", na kuongeza petroli.

Saa kumi na mbili jioni nimechomeka kidude. Taa imewaka! Kijani. Gulnaz kaenda dukani kaandika "habari za jioni", na maneno hayo yametokea mkononi mwangu, ng'ambo ya barabara, hewani. Nimekaa chini.

Bujiku alichungulia mlangoni, akaniuliza kwa kunong'ona kama linang'aa. Nikasema linawaka kijani. Akashika mdomo. Akarudi nyuma bila kunipa mgongo.

Mwamvua alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa. "Umemwambia?" Nikasema bado, anamwaga petroli kwa ukarimu mno, ingekuwa utovu wa adabu kumkatiza.

Jumapili, 8 Agosti. Nane Nane

Naandika kwa mkono mtulivu.

Umati kama huu haujawahi kuonekana. Wachimbaji wa hapa, wengine wametoka mbali, Mwakitolyo. Safu ya mbele madalali kumi na wanne, wamevaa mashati ya sikukuu. Bujiku kaniletea kiti chenye mikono, naye kakaa ubavuni, goti lake linagusa langu. Kwa upande wake mwingine mgeni wa Mwanza, mnene, mkoba mapajani. Bujiku akaninong'oneza kwamba huyo ndiye mnunuzi, katoka alfajiri, na kwamba yeye Bujiku ameapa kwa jina la marehemu baba yake kuwa jiwe lipo.

Nikachomeka kidude. Taa ya kijani. Ng'ambo, dukani, nilimwona Abdulhalim akiandika kwa kidole kimoja, herufi moja moja, bila haraka. Akainuka. Akanyanyua mkono.

Sentensi ikafika. Nzima, hakuna herufi iliyopotea. Ilisema hivi:

HATIBU HANA JIWE KIBERITINI MNA PLASTIKI

Niliisoma kimya mara mbili. Kidude pacha kilikuwa mbele ya pua yake tangu Alhamisi, na mimi ndiye niliyemweleza udugu wao.

Miaka kumi na moja ya ubao ilikuwa hapo kwenye kioo. Nilichotakiwa ni kufungua mdomo. Goti la Bujiku likasogea. Akaniita mwanamume kwa Kisukuma: "Soma, ngosha."

Nikasoma: "Maganzo oyee, tunawatakia wakulima wote Nane Nane njema."

Wakapiga makofi. Irfan akavuka barabara na bahasha yake, akaifungua, akasoma. Akanitazama muda mrefu, jinsi anavyomtazama mteja anayerudisha kitu alichokivunja mwenyewe. "Siyo, mwalimu. Soma vizuri. Usiharakishe."

Huyo ni muungwana. Alinipa mlango wa pili.

Nikatazama kioo. Nikautazama mkoba wa mgeni. Nikasema, "Na wafugaji."

Gulnaz alikuwa nyuma yangu. Nilimsikia akivuta pumzi. Irfan akakunja karatasi, akaitia mfukoni, akatangaza kwamba sentensi haikufika na ubao ni wa Abdulhalim. Watu walipomtaka aisome akasema leo ni sikukuu, waende wakanywe soda.

Mgeni wa Mwanza akauliza jiwe liko wapi. Nikasema halionyeshwi siku ya kushindwa. Bujiku akamwambia mgeni kwamba huyu ni msomi, wana mambo yao.

Jumatatu, 9 Agosti

Jumatatu ya kwanza bila makala. Nimesimama mbele ya ubao kama mtu aliyesahau alichotumwa.

Abdulhalim alikuwa anang'oa pini. Hakugeuka. "Ilifika, siyo?"

Nikasema ilifika.

"Nilijua itafika. Tangu nilipoiona ile taa dukani nilijua."

Basi, nikamwambia, mwanamume aandike ubaoni kwamba alikosea. Akasema ataandika sasa hivi, kwa furaha, na chini yake ataweka sentensi nzima kama ilivyofika, ili watu waamini. Akatoa kalamu sikioni.

Nikamwomba asubiri kidogo.

"Mimi sina haraka, mwalimu," akasema, akabandika matokeo ya mpira.

Jumatano, 11 Agosti

Mwamvua anasema jambo ni rahisi. Irfan bado ana karatasi. Nikamwambie Bujiku ukweli, niombe radhi, karatasi isomwe, na adhuhuri ubao utakuwa wangu. Petroli tutalipa kidogo kidogo, na jogoo tulishamla, tutanunua mwingine. Kasema akiwa anafua, kwa utulivu, kana kwamba ni kazi ya kuanika.

Nimelipima kwa akili huru. Nimeona makosa yangu yalikuwa mawili. Kiberiti kilikuwa kidogo mno: plastiki ilijulikana kwa umbo. Na pamba ilikuwa hafifu. Kidude nimekihamishia kwenye kopo la maziwa ya unga, pamba mara mbili, kitambaa cheusi juu. Asubuhi Bujiku alipita kwa pikipiki, akaliona kopo kwapani mwangu, akapunguza mwendo. Akauliza kama kumeongezeka. Nikalibadilisha kwapa, kama zito.

Nimekusudia kufikisha neno hadi Mwadui hewani. Inahitaji nguzo ya chuma, jenereta na pikipiki. Bujiku anavyo vyote, na kaniahidi kabla sijaomba.

Kwa kuwa ubao sina, nimeandika waraka, nakala ishirini kwa mkono. Bujiku mwenyewe kajitolea kuusambaza, ingawa kasoma mara mbili na kuniuliza mstari wa mwisho una maana gani. Unasema hivi:

Kwa wanachama wote wa chama cha wachimbaji wadogo wa Maganzo, na hasa ninyi kumi na wanne mliokaa safu ya mbele: nawataka kabla ya Jumatatu mnirudishie ubao wangu pamoja na pini zangu. Sentensi ilifika. Ilifika nzima, neno kwa neno, bila waya. Yeyote atakayeniuliza ilisema nini ni adui wa maendeleo, na asiniulize.