Kwaya ya Ndege ya Jumamosi

Jumatatu, 3 Machi
Shirika la ndege limetuzawadia sisi mawakala wake tiketi moja ya bure. Bosi kanipa mimi! Mwenzangu wa meza ya pili, tunayemwita Theluji kwa sababu alishafika Ulaya na hachoki kutusimulia baridi ya huko, kanuna hadi jioni.

Mimi siendi popote. Tiketi ni ya mke wangu, aje nyumbani. Yeye ni muuguzi wa wazee katika mji mkuu mmoja wa huko Ulaya, mwaka wa pili huu. Likizo yake fupi inaanza Jumamosi, ila alishasema nauli imemshinda.

Kutwa nawapangia watu safari za kwenda aliko. Kuna ya moja kwa moja, Jumamosi tu. Kuna ya kubadilisha njiani, unalala kwenye viti vya chuma. Kuna ya bei poa, inayokushusha uwanja ulio mbali na mji kiasi kwamba ukiulizia mji wanakushangaa. Zote nazijua kwa kichwa. Sijapanda hata moja.

Upande wake wa kitanda nimerundika nguo za kupiga pasi, pasionekane patupu. Panaonekana vilevile.

Jumanne, 4 Machi
Balaa! Tiketi ya bure ni ya kusubiri: unapanda kama kuna kiti kimebaki wazi. Na ndege ya Jumamosi ya kuja huku imebakiza viti vichache.

Nimepata dawa. Wakala huruhusiwa kumshikia mteja kiti kabla hajalipa. Nimevishika vyote vilivyobaki, kwa jina la kwaya ambayo haipo. Jumamosi asubuhi, watu wakiwa wameshachelewa kununua, naviachia. Vinabaki wazi, mke wangu anapanda. Nani kama mimi?

Mwenyekiti wa kwaya ni marehemu babu. Marehemu bibi nimemwombea kiti cha magurudumu, ili waniamini.

Mke wangu sijamwambia. Nataka nimshtukize.

Jumatano, 5 Machi
Bosi kaiona kwaya. Kanisifu mbele ya Theluji, ambaye mteja wake kakosa kiti kwenye ndege hiyohiyo. Chai ya leo ilishuka vizuri sana. Bosi akauliza wanaimba nyimbo gani. Nikasema za maombolezo.

Mchana shirika likapiga simu kuuliza kama bibi anaweza kupanda ngazi mwenyewe. Nikajibu kwa ukweli wote kwamba hajainuka siku nyingi.

Jioni mke wangu kaniuliza kama Jumamosi nitakuwepo nyumbani. Nikahisi kaunusa mpango! Nikamwambia nitabanwa na kazi. Akaniaga.

Ijumaa, 7 Machi
Nimempigia kwa mbwembwe zote. Nikamwambia afunge mizigo, kesho anakuja.

“Likizo nimeshampa mwenzangu,” akasema.

Kumbe tangu mwaka jana alikuwa anajiwekea akiba kimyakimya. Alitaka anigongee mlango bila taarifa. Jumanne jioni akaenda kukata tiketi, akaambiwa ndege imejaa, kuna kwaya. Akasubiri hadi jana huenda mmoja wao akaahirisha. Zile nyingine mbili zingemlia likizo yote.

Nikamwambia kwaya ni yangu. Akacheka. Akacheka tena, halafu kikawa si kicheko.

“Mume wangu,” akasema, “ungeniambia tu njoo.”

Nimekaa juu ya nguo za pasi. Namtaka mke wangu. Sina namna nyingine ya kuliandika.

Jumamosi, 8 Machi
Viti nimeviachia. Nikaenda uwanjani hata hivyo, nikawatazama wanaotoka. Kila mwanamke mwenye begi jekundu kama lake nilimsogelea. Wawili waliniogopa.

Mlangoni kulikuwa na mhudumu na kiti cha magurudumu, ameshika kibao chenye jina la bibi yangu. Nilisahau kulifuta ombi! Akaniuliza kama namsubiri mama huyo. Nikasema namsubiri mwingine. Tukasimama pamoja mpaka ukumbi ukabaki mtupu.

Jumatatu, 10 Machi
Bosi kaulizia kwaya. Nimemwambia imevunjika, waligombania uongozi. Theluji kacheka peke yake kwa muda mrefu.

Mke wangu atapata likizo nyingine Agosti. Nauli anayo, kiti atakata mwenyewe. Aliniapisha kwa simu nisiguse kitu, na hasa nisibuni kwaya nyingine. Nimeapa kwa moyo mmoja.

Lakini Agosti watu husafiri sana. Akichelewa kukata je? Nimeangalia asubuhi, viti vya ndege ya Jumamosi ya kwanza vimeshaanza kwenda.

Kwaya sijaigusa. Hawa niliowashikia viti ni watu wa harusi, ukoo mzima, pande zote mbili. Bibi harusi nimempa kiti cha dirishani, kama alichokaa mke wangu siku ile alipoondoka.