Hatutarudi Toleo la Zamani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kwa majukumu mazito ya kitaifa umeshindwa kufika. Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, ambaye tunaambiwa uko njiani. Ndugu Dereva wa Mwakilishi, ambaye wewe umefika na tunakushukuru (dereva anainua mkono). Waheshimiwa madiwani mliopo na mliotuma udhuru. Watendaji wa kata, wenyeviti wa mitaa, mabalozi wa nyumba kumi. Mapadre, wachungaji na mashehe. Wanakwaya wa parokia mliopendeza kwa sare zenu za kijani. Wakulima mlioacha ulezi uwanjani haujapurwa. Ndugu zetu wafugaji mliopanda mlima kutoka Muze tangu alfajiri. Na ninyi wananchi wa kawaida, ambao mko wengi mno kutajwa: itifaki imezingatiwa, na kama kuna mtu sijamtaja, basi ajitaje mwenyewe kimoyomoyo ili tuokoe muda.

Mimi, kwa wale wachache wasionifahamu, ndiye mtumishi wenu Cornelius, Mratibu Mkuu wa Programu Jumuishi ya Kuhuisha Mifumo Endeshi ya Kompyuta za Majumbani katika Uwanda wa Ufipa, cheo ambacho sikukiomba, bali nilikipokea kwa unyenyekevu siku ileile nilipokipendekeza. (Meza kuu inapiga makofi. Nyuma wanacheka.) Nimesimama hapa Kizwite katika baridi hii ya Juni, nikiwa nimevaa makoti mawili, moja langu na moja la ofisi, ili kufunga rasmi Awamu ya Kwanza ya projekti yetu ya Sasisha Ufipa, na kuwaonyesha laivu, bila chenga, jinsi kompyuta iliyogoma inavyorudishwa kazini.

Ndugu wananchi, tumetoka mbali. Mtu ana kompyuta yake nyumbani, ameitunza, ameifunika kitambaa cha kufuma, siku moja inamletea ujumbe kwamba toleo jipya la mfumo limefika, naye kwa uzalendo anakubali, kile kiduara kinazunguka, kinafika asilimia themanini na kitu, kompyuta inazima, inawaka, inaanza upya, na kesho yake hivyohivyo. Kuna ambao printa na kompyuta ziliamka hazijuani. Kuna waliopoteza sauti. Kuna walioulizwa neno la siri waliloliweka mtoto akiwa chekechea, na sasa mtoto huyo yuko kidato cha nne. (Wananchi wanaguna, wengi wamepakata kompyuta zao.) Ofisi yangu haikulala. Tuliitisha kikao cha wadau, kikao kikaunda kamati, kamati ikaenda semina elekezi, nayo ikarudi na vitambulisho vya kuvaa shingoni pamoja na mapendekezo, ambapo pendekezo kuu lilikuwa kwamba semina ile irudiwe mahali penye joto zaidi.

Baada ya upembuzi yakinifu tuligundua kwamba hakuna haja ya kuhangaika na mbinu ngeni za kusambaza sasisho, ilhali sisi tuna uzoefu mkubwa wa kusambaza mbolea ya ruzuku. Kwa hiyo nilielekeza sasisho lishuke kwa mawakala walewale, kabla ya mvua, na kila kaya itaje idadi ya ekari zake ili ipimiwe kiasi kinachoistahili. Tulifagia ghala, tukatandika mbao chini na turubai juu, sasisho lisije likapata unyevu. Gari liliripotiwa kufika Laela. (Sauti inauliza kama limeshatoka Laela.) Suala la kutoka Laela liko kwenye mchakato.

Naona mkono umenyooshwa pale kwa wafugaji. Simama, ndugu, jitambulishe. (Anasimama mzee mwenye fimbo kwapani, anasema anaitwa Masunga, wa Muze. Anaeleza kuwa simu yake ilijisasisha yenyewe akiwa bondeni anachunga, halikuja gari wala wakala, na sasa anataka kufahamu gari hilo limebeba nini. Kicheko kikubwa.) Ni swali zuri, na ningependa lisijirudie. Sasisho linaloingia lenyewe kwenye simu ya mfugaji, halikupita getini, halikupimwa mizani, halikulipiwa ushuru wa halmashauri, hilo ni sasisho la magendo, na wewe mzee wangu ungekuwa na nia njema ungeliripoti badala ya kuja kujisifia nalo mbele za watu. Keti. Jina lako tumelichukua.

Nije kwenye takwimu, maana kiongozi asiye na takwimu ni sawa na mtu yeyote tu. Hadi ninavyozungumza, asilimia mia moja na nne ya kaya zote za uwanda huu zimefikiwa. (Minong'ono.) Msigune, hiyo nne ni ziada ya ufanisi. Kaya zisizo na kompyuta tumezihesabu kuwa zimefaulu moja kwa moja, kwa sababu tangu projekti ianze hazijaripoti tatizo hata moja la programu, na nawapongeza sana, endeleeni hivyo hivyo. Kaya zenye kompyuta ndizo zinazotushusha. Tumeandaa pia mwongozo wa utatuzi, rahisi, unaotekelezeka: kwanza zima, pili washa, na kama bado inasumbua, mwite mwenyekiti wa mtaa, naye aizime na kuiwasha kwa niaba ya serikali. (Makofi ya wenyeviti wa mitaa.)

Sasa tuingie kwenye vitendo. Nimemwita hapa mbele mama yangu Redempta, mhazili mstaafu, mkazi wa mtaa wa pili kutoka hapa tuliposimama, ambaye kompyuta yake imegoma tangu apokee toleo jipya. Ameibeba mwenyewe mgongoni kwa kitenge kama mtoto mchanga, na umeme tumeuvuta kutoka saluni ya jirani, tunaishukuru sekta binafsi. Ndugu Zita, ofisa itifaki wangu, washa. (Kompyuta inawaka. Kiduara kinazunguka.) Mnaona? Mpaka hapo tayari ni mafanikio.

Naambiwa imesimama na inauliza. Zita, soma kwa sauti, mwananchi asikie. (Zita anasoma: kuna njia mbili. Ya kwanza ni kurudi toleo la zamani, na kila kitu kibaki kilivyokuwa. Ya pili ni kufuta vyote na kuanza upya.) Naam. Kabla sijatoa maelekezo, mama Redempta anaomba nafasi, na mimi si kiongozi wa kuziba watu midomo, mpeni kipaza sauti, dakika moja. (Mama Redempta anamwamkia, anaanza kueleza.)

Nimekusikia, mama. Ndugu wananchi, kwa wale wa nyuma, mama anasema kwamba mume wake, marehemu mwalimu Zenon, ambaye wengi mlimfahamu, alikuwa mwalimu wa kwaya hii ya kijani, alitunga misa nzima na hakuandika noti hata moja, maana alifundisha kwa kuimba. Alipoanza kuugua akajirekodi mwenyewe ndani ya kompyuta hii, sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu na besi, zote yeye, hata ile nyembamba ya akina mama ambayo anasema watoto waliicheka. Jumapili ijayo ni misa ya mwaka mmoja tangu afariki, na kwaya inategemea kujifunzia humo. Mama amekuja na flashi mkononi. Sema mwenyewe unachoomba. ("Mheshimiwa, rudisha kwanza toleo la zamani, nitoe sauti ya Zenon humo ndani. Nikishaitoa, fanya utakavyo.")

Maneno mazito, na yamenigusa. (Anafuta miwani.) Lakini ndugu zangu, uongozi ni kutazama picha kubwa. Leo, mbele ya dereva wa mwakilishi wa mgeni rasmi, mnataka mimi Cornelius nionekane nimeshika kifaa cha kidijitali, nimekipeleka nyuma? Ripoti itasomekaje huko juu? Itasomeka kwamba Ufipa ilipewa toleo jipya ikalikataa, ikarudi ilikotoka. Katika utumishi wangu wote sijawahi kurudisha kitu chochote nyuma, waulizeni wahasibu. (Meza kuu inacheka, kisha inaacha.) Na hiyo flashi, mama, naomba ikabidhiwe kwa mgambo, kwa sababu za kiusalama. Zita, bonyeza ya pili.

(Zita hasogei. Mzee Masunga anasema kwa sauti, bila kusimama: "Mheshimiwa, hiyo inafuta. Hata mimi niliyeishia darasa la nne nimesikia." Wanakwaya wamesimama.) Tulieni. Nimesema tulieni, huu si mkutano wa hadhara, ni hafla. Zita, kama kidole chako ni kizito, changu ni chepesi. (Anashuka jukwaani, anabonyeza mwenyewe, mara mbili, kwa kuwa kompyuta imemuuliza kama ana uhakika.) Ana uhakika! Kiongozi wenu ana uhakika! (Makofi ya meza kuu. Kwenye skrini: asilimia saba.)

Wakati mtambo ukiendelea kutuhudumia, niseme kidogo kuhusu miaka mitano ijayo. Tunakusudia kila kaya iwe na ofisa kompyuta, kila ofisa awe na pikipiki, na kila pikipiki iwe na kituo cha umahiri. Tutakuwa na bekapu ya uwanda mzima, jengo la ghorofa mbili, ambamo kila mwananchi atapewa kabati lake lenye kufuli. (Asilimia thelathini. Mama Redempta ameinuka, ameushika waya wa umeme. Mgambo anamtoa mkono polepole, anamwambia, "Mama, samahani, nimetumwa tu," kisha anamkalisha kwenye kiti.) Asante, mgambo, kwa weledi. Mama, tulia, teknolojia haitaki presha. Nilikuwa kwenye kabati lenye kufuli.

Tutafundisha pia wananchi kutofautisha matatizo ya vifaa na matatizo ya programu. Ukiliona kwa macho, ni la kifaa. Usipoliona, ni la programu. Ukiliona na serikali hailioni, hilo ni la kwako binafsi. (Asilimia sitini. Hakuna anayecheka.) Naona hafla imepoa. Nawaomba wanakwaya, mko hapa na mmependeza, mtuchangamshe kwa wimbo mmoja wa huyohuyo marehemu mwalimu wetu, ili tumuenzi. (Wanakwaya wanatazamana. Mmoja anaanzisha, wengine wanaingia. Ubeti wa kwanza unaimbwa vizuri, watu wanavua kofia. Kwenye ubeti wa pili besi wanakosea, sauti ya pili inawafuata kwenye makosa, na wote wananyamaza mmoja baada ya mwingine.) Mfupi, lakini mzuri sana. Hongereni. Mnaona jinsi sanaa inavyoweza kuzingatia muda?

(Asilimia mia moja. Kompyuta inazima. Inawaka.) Haya sasa! Njooni karibu, msiogope, ni yenu hii. Hakuna kiduara. Hakuna kugoma. Skrini ya bluu, safi, haina hata doa, inatukaribisha na kutuuliza tunaitwa nani. Hebu iambieni! Mama Redempta, njoo uingize jina lako, wewe ndiye mwenye mali. (Mama Redempta haji. Anauliza kutoka kwenye kiti, taratibu, kama anayezungumza na mtu wa nyumbani: "Zenon yuko wapi?") Suala la mafaili, mama, limepangwa Awamu ya Pili. Leo tunasherehekea mfumo.

(Watu wanaanza kuondoka, wameshika kompyuta zao kwa nguvu zaidi ya walivyokuja nazo. Kwaya imemzunguka mama Redempta.) Msitawanyike, ndugu zangu, namalizia. Nikisema Sasisha, mseme Ufipa. Sasisha! (Dereva: "Ufipa.") Nikisema Mfumo, mseme Mpya. Mfumo! (Dereva: "Mpya.") Nikisema Nyuma, mseme Hatutarudi. Nyuma! (Mzee Masunga: "Ndiko ilikokuwa misa ya Zenon.") Huyo mzee nilishasema jina lake tunalo.

Basi nitoe shukrani. Mimi ni mtu muwazi, na projekti yetu imejengwa juu ya uwazi, haina kingine ilichojengwa juu yake. Namshukuru mzabuni mkuu, ambaye hatukumpata, maana zabuni haikutangazwa. Nawashukuru wataalamu wetu, ambao nafasi zao hazikuombewa kibali. Naishukuru kwa dhati bajeti, ambayo haikupitishwa kwa kuwa haikuwasilishwa, na haikuwasilishwa kwa kuwa andiko la mradi halikuandikwa, na andiko halikuandikwa kwa sababu wazo lenyewe lilinijia Jumanne, nilipopigiwa simu kwamba mgeni rasmi anapita Kizwite na hatuna cha kumwonyesha. Awamu hii ninayoifunga leo kwa heshima kubwa haikuwahi kufunguliwa. Naishukuru saluni kwa umeme. Nawashukuru wote kwa kunisikiliza. Na kwa namna ya pekee kabisa nakushukuru wewe, mama yangu Redempta, popote ulipoelekea, kwa sababu katika uwanda wote wa Ufipa, kompyuta yako ndiyo pekee ambayo projekti hii imewahi kuigusa.