Betri Yangu Inapumzika

Jumatatu, 2 Machi
Leo tumefungiwa umeme wa jua. Mimi na mwanyumba wangu, yule aliyemuoa dada wa mke wangu. Duka moja, mzigo mmoja. Fundi kasema paneli itadumu miaka ishirini na zaidi, betri mitano ikitunzwa. Mama mkwe naye katangaza kwamba mwezi ujao atahamia kwa mkwe ambaye taa zake hazizimiki. Anakuja na televisheni kubwa! Sebule yangu itakuwa ukumbi wa mpira, kwa kiingilio. Lazima aje kwangu.

Alhamisi, 5 Machi
Mwanyumba anawasha taa hata chooni. Atajuta. Suti yangu ya harusi nimeivaa siku moja tu, na hadi leo ni mpya. Kutunza ndiko huko. Nimeifunika paneli kwa blanketi. Jua linababua mapazia, sembuse kioo? Mke wangu kauliza kama paneli na jua wamegombana. Ufundi hauelezwi kwa kila mtu.

Jumapili, 8 Machi
Watoto wamesikiliza redio mpaka betri imekwisha kabisa. Maskini, imechoka. Nimeichomoa na kuilaza chini ya kitanda ipumzike. Tumerudi kwenye kibatari. Mke wangu kasema hata mgonjwa hulala akiwa amekula. Hana subira.

Jumamosi, 18 Aprili
Siku ya mama mkwe. Asubuhi nimefunua paneli, nimerudisha betri, nimevaa suti. Jioni, mbele ya ukoo mzima, nikabonyeza swichi. Taa ikakonyeza mara moja, ikazimika. Mama mkwe akauliza kwa upole kama ndiyo imekwisha hivyo. Fundi akaitwa. Paneli ni nzima, akasema, itatuzika sote. Betri ndiyo imekufa. Ukiilaza tupu inaoza ndani, na kuitunza ni kuichaji kila siku. Wivu tu! Televisheni imepita mlangoni kwangu ikielekea kwa mwanyumba. Nimeumia sana.

Jumatano, 22 Aprili
Mke na watoto wako kwa mwanyumba, walikwenda kutazama mpira. Wamesema watarudi ukiisha. Ulikwisha jana.
Nimenunua betri nyingine. Kosa nimeliona: ile ya kwanza niliitoa kwenye boksi. Hii haitoki. Mwanyumba aendelee kuichosha yake kila siku. Miaka mitano ikifika, tutaona nani ana betri mpya.