Mende wa Mwaka 2040

Jumatatu, 15 Machi 1999
Miezi saba na siku tatu tangu niondoke Urambo nikiwa utingo wa lori la saruji. Lori lilirudi Tanzania. Mimi sikurudi. Niko Gisenyi, Rwanda, nabeba mawe. Mawe meusi ya volkano, yana meno. Mgongo umekwisha!

Tunajenga ukuta wa ghala karibu na ziwa. Watu kumi na wanne tunasimama mstari, jiwe linapita mkono kwa mkono kutoka lorini hadi kwa mzee Rutayisire, fundi mwashi. Mtu mmoja habebi kitu. Anakaa juu ya lundo la mchanga na kusimulia hadithi, ili mikono isahau uchovu. Mtu huyo ni Callixte. Anasimulia sungura. Sungura tena! Mwezi wa pili huu sungura anamdanganya fisi yuleyule, na Callixte ananenepa.

Nakitaka kiti kile. Nimemwambia msimamizi, Nkusi, kwamba nina hadithi ya mwaka 2040. Akauliza iko na nini ndani. Nikasema vyombo vya angani. "Bon," akasema, "kesho jaribu. Wakilala, unarudi kwa mawe."

Jumanne, 16 Machi
Nimekaa! Mchanga laini kama godoro. Mwaka 2040 ziwa limekauka, watu wanasafiri kwa sahani zinazoruka. Mawe yalikwenda mbio. Callixte alikuwa katikati ya mstari, jasho linamtoka, analalamika kwamba hadithi haina hata mnyama.

Anataka mnyama? Nikampa. Mende! Wakubwa kama ng'ombe, kutoka nyota nyingine, wameingia mitaani kwa siri wakijifanya majirani. Nikasimama juu ya mchanga, nikapiga kelele: tuwakanyage wote, na mayai yao!

Jiwe likaanguka. Aliyeliangusha ni Vestine, mama aliyetoka Kanzenze, anayesimama wa mwisho, karibu na mzee. Hakuliokota. Mstari mzima ukasimama. Hakuna aliyenitazama. Nikadhani hadithi imewashika, nikaongeza sauti. Nkusi akanishusha kwa kola.

Jumatano, 17 Machi
Sijala. Mzee Rutayisire, aliyekulia ukimbizini Tanzania, alinieleza polepole, kama mtu anayepima ukuta. Kwamba hapa, miaka mitano iliyopita, watu waliitwa mende. Redioni, kwa vichekesho, na nyimbo katikati. Kwamba wengi walianza kwa kucheka. Kwamba nyumbani kwa Vestine walikuwa saba. Kwamba amebaki yeye.

Nikajitetea kwamba mende wangu ni wa kubuni, ni mfano tu. Akasema, "Hata wale walikuwa wa kubuni, mwanangu. Miguu iliyowakanyaga ndiyo ilikuwa ya kweli."

Mimi ni mgeni, na kibali changu cha kazi kimo mfukoni mwa Nkusi. Neno moja likifika kwa wakubwa, nimekwisha. Lakini kiti! Nkusi kanipa siku moja ya kurekebisha. Nina dawa. Nitabadilisha mnyama.

Alhamisi, 18 Machi
Nyoka. Mungu wangu, nyoka! Kumbe nao walishatumika kuwaita watu. Nikageuza palepale: si nyoka, ni magugu, magugu ya angani, tuyang'oe na mizizi yake. Hayo nayo! Mzee akaweka mwiko chini. Callixte, adui yangu, akaniita kwa sauti ya huruma, jambo lililonitisha kuliko matusi: "We Mutanzania, nyamaza tu. Kila kitu unashika iko na damu."

Saa tisa mchana wanaume wawili wa serikali, wenye makoti, walisimama getini na Nkusi. Mmoja alinielekezea kidole. Nilisikia neno "kuchochea". Nikabeba mawe mawili mawili, ili waone mimi ni mtu wa kazi.

Ijumaa, 19 Machi
Nilipanga kutoroka alfajiri. Bila kibali? Kizuizi cha kwanza tu wangenikamata. Nikaenda kazini.

Wenye makoti walikuwa wamekaa. Vestine alikuwa mbele yao. Wakamuuliza kama mimi nachochea watu. Nikajiona nimeshafungwa. Alinitazama kama anachagua jiwe.

"Huyu si mutu mubaya," akasema. "Ni mujinga, hajui iko wapi. Lakini mujinga mwenye anajua kuchekesha, mi namuogopa kuliko mubaya."

Wakanirudishia kibali. Nkusi akasema nisionekane tena pale. Nilimfuata Vestine nimshukuru. Hakutaka shukrani. Aliuliza kitu kimoja: kati ya mende wangu wote, mmoja tu, alikuwa anaitwa nani? Nikacheka kidogo, nikasema mende hana jina, mama.

"Sasa ndiyo hivyo ilianza," akasema, akarudi kwenye mstari.

Sikuelewa. Nilitembea ufukweni mpaka Rubona, nikigeuka nyuma kila hatua. Kila koti lilikuwa lao.

Jumapili, 21 Machi
Nimepata kazi hapa Rubona, kupakua mchanga kutoka kwenye mitumbwi. Nao wanasimama mstari! Na hawana msimuliaji, wanafanya kazi kimya kama wafiwa. Nimezungumza na msimamizi wao. Kakubali.

Nimetafakari siku mbili nzima. Usingizi sina, lakini somo nimelipata: tatizo lilikuwa wanyama. Sasa hakuna mdudu, hakuna nyoka, hakuna hata jani. Watu tu. Makabila mawili ya mwaka 2040, ya kubuni kabisa: warefu kutoka mlimani na wafupi kutoka bondeni, na ardhi hii moja haiwatoshi wote. Nani atakasirika?

Naanza kesho asubuhi. Natarajia kurudi Urambo mwisho wa Mei, nauli ikishatimia.