Filta Tatu, Tangi Moja la Kutu

Habari ya asubuhi hiyo ilisomwa na Gazeti, karani mstaafu anayenunua nakala moja na kuisomea kijiwe kizima. Ofisi ya maji imegundua kwamba mabomba ya mji yameoza kwa kutu. Kwa hiyo itafunga machujio katika kila nyumba.

"Na mabomba yenyewe?" akauliza Spea, muuza vipuri wa duka la jirani.

"Yanabaki yalivyo."

Benchi likacheka mpaka kahawa ikamwagika. Tani Saba, dereva wa lori, alicheka kuliko wote. Alisema watu wanaochuja kutu badala ya kuiondoa hawafai kukabidhiwa hata ufunguo wa choo, sembuse ofisi. Kisha akafuta machozi na kuingia katika lililomleta: lori lake, lililoegeshwa hatua kumi kutoka pale, lifungwe filta gani ya dizeli?

Jambo lilikuwa zito. Lori lile lilikuwa na umri wa kuitwa babu, na tangi lake lilitema kutu bila haya. Wiki ile lilikuwa limezima njiani mara mbili, likiwa na madawati ya shule. Mwalimu mkuu alikwisha sema: likizima mara ya tatu, kazi inakwenda kwa yule jamaa wa lori jipya. Madawati arobaini ya mwisho yalikuwa yamepakiwa, na yalitakiwa kufika saa nane.

Spea alipendekeza filta ya karatasi, kwa kuwa ndiyo iliyojaa dukani kwake. Daktari, fundi anayesikiliza injini kwa bisibisi sikioni, alisema karatasi ni ya kuandikia barua. Yeye alitaka yenye kikombe cha kunasa maji. Gazeti, ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli, alishikilia ile ya kioo, ili kila mtu aone kinachopita. "Uwazi," alisema, "ndio msingi wa utawala bora."

Dada Birika, mwenye kahawa, alikuwa akisuuza vikombe. "Kaka, birika langu likiota kutu nalisugua. Si uliteremshe hilo tangi ulisafishe?"

Tani Saba akamtazama kwa huruma. "Dada yangu, kutu ndiyo iliyolishika. Ukiitoa, unabaki na matundu."

Benchi zima likatikisa kichwa kukubali. Hakuna aliyeikumbuka ofisi ya maji.

Ili asimuudhi mtu, Tani Saba aliamua zifungwe zote tatu, moja nyuma ya nyingine. Daktari akaingia uvunguni, akatoka akiwa mweusi na mwenye fahari. Injini ikanguruma. Lori likaenda hatua hamsini, likanyamaza katikati ya barabara. Wote wakakimbilia filta ya kioo, iliyofungwa mwisho, karibu na injini.

"Safi," alisema Spea. "Hamna hata chembe ya kutu."

"Hamna hata dizeli," alisema Dada Birika.

Pampu kuukuu ilikuwa imeshindwa kuvuta mafuta kupitia milango mitatu. Saa saba u nusu. Tani Saba alianza kusikia honi ya lori jipya ndani ya kichwa chake. Ndipo Dada Birika akaleta dumu lake la akiba ya maji, la lita ishirini, bado kavu. Likajazwa dizeli safi ya kituo cha mafuta, likafungwa kwa kamba juu ya paa la kichwa cha lori, na mpira ukateremshwa hadi kwenye pampu kupitia filta moja tu. Lori likaondoka, dumu utosini kama mama atokaye kisimani. Tangi nalo lilisafiri bure na kutu yake yote.

Jioni Tani Saba alirudi amepewa kazi ya muhula ujao. Aliagiza kahawa kwa wote. Birika lilikuwa tupu: maji ya bomba yalikuwa yamekatika tangu saa sita, na dumu la akiba lilikuwa limekwenda shule.

Gazeti akafunua ukurasa uliokuwa umekunjwa. Habari ile ilikuwa na kipande cha mwisho: machujio yakisubiriwa, wananchi wanaombwa watumie madumu.

"Watu wa ofisi hawana aibu," alisema Tani Saba. Kisha akapanda juu ya paa la lori, kutazama kama dumu lile bado lina mafuta ya kumfikisha nyumbani.