Msimu Bora wa Kumwonyesha Mkwe Ndovu

Jumatatu, 6 Februari 1961

Posa yangu kwa Mwanarusi imekaa kwa babake tangu mwezi wa Rajabu. Jibu hakuna. Likoni nzima inajua na Likoni nzima inaniuliza. Leo nimepata habari mbaya zaidi: Yeslam naye ameposa. Yeslam wa Magongo! Mwenye duka la vitambaa, na motokaa ya ami yake, na meno yote kinywani.

Mzee Mwidani, babake Mwanarusi, amesema jibu atalitoa siku ya Idi, baada ya sala, nyumbani kwake, mbele ya watu wa pande zote mbili. Mpaka hapo hataki kusikia neno. Nami nikae tu nikingoja? Mimi si mtu wa kungoja.

Nimekwenda kwa Bi Mwanabibi, dadake Mzee, ndiye anayetupelekea maneno. Akaniambia nitulie. Nije Idi na kanzu safi, niamkie wakubwa, nile, nishukuru, basi. Bi Mwanabibi ni mtu mwema lakini mambo haya yamempita. Nikamuuliza Mzee anapenda nini duniani. Akasema anapenda minazi yake, na tangu utoto ana hamu moja: amwone ndovu kwa macho yake kabla hajafa. Ndevu nyeupe zile zote, wala hajapata kuvuka Mazeras.

Ndovu! Nimerudi nyumbani karibu na kukimbia. Nitampeleka Tsavo. Mtu aliyekuonyesha ndovu utamnyima binti?

Jumamosi, 11 Februari

Barazani kwa Mzee Mwidani. Watu wanabishana juu ya Mwambao na uchaguzi, nani atatawala nani. Mimi nikaingiza mbuga ya Tsavo katikati. Walinitazama vibaya, lakini Mzee akageuka. Nikajua nimemshika.

Kumbe Yeslam yuko pembeni anakunywa kahawa. Magongo hakuna kahawa? Akasema kwa sauti yake ile ya taratibu kwamba wazo ni zuri, na msimu bora ni Julai au Agosti. Kusi linavuma, jua halichomi, nyasi zimekauka, barabara ngumu. Na akasema motokaa ya ami yake ipo, Mzee atakaa mbele. Wote wakaitikia. Mzee akatabasamu!

Nikapandwa na hasira. Nikasema Julai ni upuuzi mtupu. Wajuzi wote wanakubaliana msimu bora ni Machi. Wakauliza kwa nini Machi. Nilikuwa sijui. Nikasema mwisho wa kaskazi maji yamekauka kila mahali, basi ndovu wote hawana budi kuja mtoni, na mtu huwatazama amekaa. Nimeyatoa kichwani mwangu papo hapo. Hata mimi yalinipendeza.

Mzee akasema Machi ni Ramadhani. Nikajibu kwamba ndiyo maana ya kwenda siku ya Idi yenyewe, furaha mbili kwa pamoja. Mmoja akauliza habari ya sala. Nikasema Voi kuna msikiti, tutaona ndovu alfajiri kisha tutasali na watu wa Voi. Mzee akafikiri sana. Akasema, haya, inshallah, wageni wake wa Idi watamngoja hadi arudi jioni, na jibu pia. Yeslam akanywa kahawa yake.

Jumapili, 5 Machi

Saumu kali. Joto la kaskazi linaingia hadi kwenye mifupa. Nimepata lori. Dereva ni Wafula, mtu wa bara, hubeba makuti na saruji. Hafungi, na alivuta sigara mbele yangu bila haya. Nilisogea upande wa upepo, nikanusa kidogo. Kunusa si kuvuta.

Nikamwambia tunatoka Ijumaa baada ya sala, tunalala karibu na mbuga, Jumamosi Idi. Akaniuliza nimejuaje kwamba Idi ni Jumamosi. Nikamwambia mambo yetu tunayajua wenyewe.

Ukweli ni kwamba Idi ni Jumamosi au Jumapili. Mwezi ukionekana Ijumaa magharibi, Jumamosi. Usipoonekana, tunatimiza thelathini na Idi ni Jumapili. Mimi nimeamua Jumamosi, kwa sababu Jumapili lori lina shehena ya makuti.

Alhamisi, 16 Machi

Kufunga mizigo. Bi Mwanabibi ametupikia chakula cha Idi: mahamri, mkate wa sinia, kuku wa kukaanga. Harufu peke yake ni mtihani.

Mzee alitaka kuja na redio yake, ile mpya ya betri, anayoifunika kwa kitambaa. Nikakataa. Nikamweleza kwamba ndovu ana masikio makubwa vile si kwa pambo, redio ikilia kule Voi watakimbia hadi Taveta. Akaiacha shingo upande. Nafasi ile nimetia kapu la pili la mahamri.

Alipomaliza kupika, Bi Mwanabibi aliniita kando. Akasema siku ya Idi mtu hukaa nyumbani kwake, watu wakamjia, na kwamba nimwache kaka yake asali kwao. Nikamwambia safari imeshapangwa. Alinitazama kama mtu mwenye neno mdomoni, halafu akalimeza. Najua ni nini. Anatamani kwenda na yeye.

Ijumaa, 17 Machi

Tumefika! Naandika juu ya gunia.

Tulivuka feri baada ya sala. Mzee Mwidani mbele kwa dereva, mimi nyuma na wazee wenzake wawili na makapu. Tulipopita Magongo, Yeslam alikuwa mlangoni mwa duka lake. Nikampungia mkono kwa madaha. Naye akanipungia, akicheka. Anacheka nini? Vumbi lilitupata kutoka Mariakani. Wazee wote wawili wamekuwa rangi ya matofali na hawanisemeshi.

Mahali pa kulala nimechagua mwenyewe, chini ya mlima, upande wa kivuli. Wafula alitaka tulale Voi mjini. Nikakataa, mjini kuna kelele.

Magharibi tukafungua kwa tende, kisha wazee wakasimama kutafuta mwezi. Mlima ule ule wa kivuli umesimama magharibi, mkubwa, umeziba mbingu yote. Wakasogea huku, wakasogea kule. Mmoja alipanda juu ya lori. Hakuna kitu. Nikasema labda upo nyuma ya mlima. Mzee akanijibu kwamba sheria ni kuona, si labda.

Mzee mmoja akatoa shauri twende Voi tukaulize. Hapo nikaona lori litaondoka, mahali petu patachukuliwa, na alfajiri tutawakosa ndovu. Nikawauliza: sisi watu wa Mvita, tangu lini tukafuata mwezi wa watu wa bara? Voi wote wamekuja na reli, nani kati yao anaujua mwezi? Neno hilo liliwaingia sana. Wakasema kweli. Mzee Mwidani akakata shauri: kesho tunafunga, na kapu la Idi lisiguswe.

Shehena ya makuti ya Jumapili nitaifikiria baadaye.

Jumamosi, 18 Machi

Naandika nyumbani. Mlango nimeukomea.

Nianze na kizuri. Ndovu! Tulifika mtoni jua likichomoza na walikuwapo, wengi, wekundu kwa vumbi la kule, wazima na wadogo. Yale niliyoyasema barazani yote kumbe kweli. Machi! Kila mahali pamekauka na wao wote wamekuja majini. Wanakunywa, wanajimwagia, wanakunywa tena. Sisi tumekaa juu ya lori midomo imekauka, tunasikiliza maji yakiingia matumboni mwao. Mzee mmoja alifumba macho.

Lakini Mzee Mwidani hakufumba. Alisimama ameshika ubao wa lori, machozi yanamtiririka ndevuni. Subhanallah, akawa anasema, subhanallah. Kisha akanishika mkono.

"Mwanangu," akasema, "umenionyesha."

Mwanangu! Wallahi nilitaka kuruka chini nimkumbatie ndovu mwenyewe. Nilimwona Mwanarusi nyumbani kwangu, nikaona hata mapazia.

Furaha ikaniletea njaa. Nikasema nakwenda kuangalia gurudumu. Nyuma ya lori Wafula alikuwa amefungua kapu, maana yeye hahusiki. Harufu ya kuku ikanipiga usoni. Nilikula paja moja. Halafu mahamri kwa ajili ya paja. Halafu bawa. Msafiri ana ruhusa, nilijiambia, ingawa wenzangu wasafiri hawakuitumia. Nikafuta masharubu, nikarudi, nikapiga miayo ya saumu. Hakuna aliyejua.

Mzee alitaka Idi ya kesho imkute kwao, basi tukarudi, tukafika Magongo alasiri. Watoto wa kike wamevaa nguo mpya na utepe kichwani. Ngoma. Watu wametia kanzu na manukato, wanaingia nyumba hii wanatokea ile. Nikadhani ni arusi. Mzee akamwambia Wafula asimame, akamuuliza mpita njia kuna nini. Yule mtu akamtazama kwa huruma, akampa mkono wa Idi. Mwezi umeonekana Mombasa yote, akasema, na Voi, na redio imetangaza tangu jana.

Kisha mmoja wa wazee akakumbusha, kwa sauti ndogo, kwamba kufunga siku ya Idi ni haramu. Mzee Mwidani akafungua chupa ya maji, akanywa. Akasema tangu alipokuwa mtoto hajapata kuikosa sala ya Idi, hata mwaka aliozikwa mamake.

Nikaona mambo yanaharibika na ni mimi wa kuyaokoa. Nikapata neno la faraja. Nikalisema kwa sauti, wote wasikie.

"Ami, msihuzunike. Si sote tuliokosa. Mimi sikufunga."

Nia yangu njema. Nilitaka wajue kwamba katika lori lile angalau mmoja amefuata sheria. Mzee aligeuka polepole. Akauliza nimekula lini. Nikasema kule mtoni. Akauliza kama nilipokula nilijua ni Idi. Hapo ningesema ndiyo! Neno moja, ndiyo! Nikasema la.

Kwenye feri walisimama upande mmoja, mimi upande wa pili na makapu.

Jumapili, 19 Machi

Bi Mwanabibi amekuja. Hakukaa kitini, alisimama.

Amesema jibu lilikuwa ni ndiyo. Tangu Shaabani! Mwanarusi aliulizwa na babake, akanitaja mimi, na babake akakubali. Halwa ya kutangazia imeshaagizwa. Nilikuwa nikihitajiwa kufanya jambo moja tu: nije siku ya Idi, nikae. Yeye Bi Mwanabibi alikatazwa kuniambia, na alipokuwa ananipikia kuku alikuwa anawashwa na ulimi.

Yeslam alikwenda Idi asubuhi kusalimia. Akakuta mwenye nyumba hayupo, wageni wamejaa na hakuna wa kuwapokea. Akatandika mikeka. Akamimina kahawa. Akawaamkia ami zake Mwanarusi, akawakalisha, hadi magharibi. Mzee Mwidani alipoingia na vumbi lake akamkuta amebeba sinia. Jibu alimpa yeye papo hapo. Halwa iliyoliwa ni ile ile yangu.

Nikauliza na Mwanarusi je? Bi Mwanabibi akasema amepewa salamu za kuniletea, na salamu zenyewe ni hizi:

"Muulize Faraj, kukaa siku moja tu kumemshinda?"

Bi Mwanabibi alipotoka nililia. Ninampenda yule, na yeye alinitaka hivi nilivyo, sina duka, sina motokaa. Sikula mchana kutwa, na sasa ndiyo ruhusa ya kula ipo.

Jumatatu, 27 Machi

Nimepata nguvu. Nimekaa nikafikiri kosa lilikuwa wapi, na nimeliona. Si mimi. Ni msimu.

Idi hii ndogo ina fitina ya mwezi. Huo si msimu wa mtu mwenye akili kusafiri. Msimu bora wa Tsavo ni Idi Kubwa, Mfungo Tatu. Mwezi wake huandama siku kumi kabla, kila mtu ameshajua, hakuna wa kukosea. Tena itakuwa masika. Vumbi hakuna, majani mabichi, wazee hawatapata rangi ya matofali.

Nimemweleza Wafula. Akasema masika lori litazama hadi ekseli, na wanyama watakuwa wametawanyika porini kwa sababu maji yatakuwa kila mahali. Akauliza kama sikumbuki yaliyotupata. Nikamwambia yeye si mtu wa hapa.

Arusi ya Mwanarusi na Yeslam imepangwa Idi Pili ya Idi Kubwa hiyo hiyo, baada ya alasiri. Watu wananihurumia njiani. Hawajui kufikiri. Anayemwozesha binti ni nani? Babake. Babake akiwa Tsavo, nikaha itafungwa na nani? Ndugu zake nao nitawaalika, lori ni kubwa.

Nimeshampelekea Mzee salamu kwa mtu wa msikitini. Hajajibu, lakini hakukataa. Redio nimemruhusu. Ndovu ameshamwona, ni kweli. Simba bado.